Kisanduku cha maungio ya umeme

Kisanduku cha maungio ni boksi la plastiki au bati ambamo nyaya za umeme wa nyumba huunganishwa na kugawanywa. Mafundi wengi huliita jankshen boksi. Kinachoamua uchaguzi kwanza ni mahali litakapokaa. Ndani ya nyumba, ukutani au juu ya dari, boksi la duara la PVC lenye midomo ya paipu za milimita 20 linatosha. Nje au karibu na pampu, hutakiwa lenye mpira wa kuziba chini ya mfuniko, la daraja la IP65: tarakimu 6 humaanisha vumbi haliingii kabisa, na 5 kwamba linahimili maji yanayorushwa kwa mpira. Likitobolewa tundu lisilotiwa glandi, yaani kibanio kinachoziba tundu kuzunguka waya, daraja hilo halina maana tena. La bati huvumilia moto na vishindo, lakini ni lazima liunganishwe na waya wa ethi, na kwa hewa ya chumvi ya pwani hushika kutu mapema. Ukubwa ndio hupuuzwa mno. Nyaya za soketi za milimita mraba 2.5 ni ngumu kukunja. Zikisongamana na konekta zake, maungio hulegea na kupata joto. Mfuniko usifukiwe kwa plasta, kwa sababu hitilafu ikitokea fundi hana budi kubomoa ukuta.