Utetezi wa Neno Mkabidhiwa

Imenifikia orodha ya istilahi za programu za kuratibu miradi, kazi ya kamati moja ambayo jina lake nalihifadhi kwa heshima ya wajumbe wake, na humo nimekuta kwamba mtu yule ambaye ombi likishaingia kwa fomu huandikiwa kazi ili aitimize, ameitwa, pasipo haya wala maelezo, mmiliki wa kazi. Msomaji wa makala haya amjua vema mtu huyo na hana haja ya kufafanuliwa. Wenye haja hiyo, kwa dhahiri, ni wajumbe wa kamati.

Asili ya neno lao ni herufi tatu za Kiarabu, mim, lam na kaf, zilizotuzalia milki, maliki, malkia na mamlaka. Malaika hamo, ijapokuwa wapo wadhanio kuwa yumo, maana wanachuoni wa lugha hiyo wamemrejesha kwenye shina la ujumbe. Kila tawi la mti huu lanukia enzi. Mwenye milki aweza kuuza kilicho chake, kukirithisha, kukiweka rehani, hata kukiharibu, wala asiulizwe na mtu. Sasa karani aliyeandikiwa kutengeneza kitambulisho cha mgeni kabla ya Ijumaa, je, aweza kuiuza kazi hiyo? Aweza kuitia wakfu?

Lakini ubaya wa tafsiri hii hauishii katika asili yake, kwa kuwa Kiswahili kina jibu la kale kwa swali la kazi ni ya nani, na jibu hilo lapingana na matakwa ya kamati. Ingia karakana ya seremala yeyote, uulize kabati lile ni kazi ya nani, nawe hutatajiwa fundi anayelipiga randa, bali bwana aliyeliagiza. Mwenye kazi ni mwombaji. Ndiyo sababu katika afisi moja nisiyopenda kuitaja, iliyoipokea tafsiri hiyo kwa furaha, safu ya mmiliki ilijazwa majina ya walioleta maombi, nao watendaji wakakaa wakingoja, kila mmoja akiwa na yakini kwamba kazi ina mwenyewe.

Wamezuka na wengine wenye mapendekezo yao. Yuko apendaye mdhamini, ilhali huyo twamjua mahakamani akimtoa mshitakiwa kwa dhamana, na uwanjani jina lake likiwa limechapwa juu ya fulana za wachezaji. Yuko apendaye mhusika, neno la waandishi wa tamthilia, ambalo udhaifu wake ni kwamba katika afisi kila mtu ahusika na hapana ashikaye.

Ama mimi nasimama na neno mkabidhiwa. Shina lake, qaf, ba na dad, kwa Kiarabu lina maana ya kushika kwa kufumba kiganja. Kiswahili kikalichukua na kuligeuza kuwa kutia kitu mkononi mwa mwingine, pasipo kuipoteza maana ya kwanza, kwani bahili asiyefumbua ngumi yake nasi pia twamwita kabidhi. Basi ndani ya neno moja umo mkono utoao na mkono ufumbao, na mambo hayo mawili ndiyo yasiyoweza kutengana hapa. Mafakihi wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wamefundisha kwamba hiba haimlazimu mtoaji mpaka mpewaji awe ameikabidhi, yaani ameipokea kwa idhini ya mwenyewe; na kazi iliyoandikwa daftarini bila mtu kuishika ina hali iyo hiyo, neno lililotamkwa lisilotimia. Tena Serikali ya Tanzania yenyewe inaye Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye huzisimamia mirathi za watu wala hakuna senti yake ndani yake: ndiye huyo hasa tumtafutaye, mtu ashikaye kisicho chake na kukitolea hesabu.

Nasikia mjumbe mmoja, ambaye nilimwandikia barua naye hajaona vema kuijibu, amesema barazani kuwa neno hili ni refu, na kwamba kwa kuwa ni la kutendewa halina juhudi. Hebu na amtazame mtahiniwa, ambaye jina lake nalo ni la kutendewa, aseme kama yuko mtu afanyaye juhudi kuliko yeye.

Kuhusu matumizi, machache yatatosha. Jira, programu iliyotolewa na kampuni ya Atlassian ya Australia mwaka 2002, hutenga aliyeliingiza ombi, aliyeliripoti na aliyekabidhiwa, kwa kuwa mara nyingi si mtu mmoja. Na huko, kama ilivyo katika Asana, programu nyingine ya aina hiyo, mkabidhiwa wa kazi ni mmoja tu. Basi fomu imtaje mwombaji, kanuni imteue mkabidhiwa mara ombi liingiapo, na kila kazi ihamapo kutoka mkono hata mkono yaandikwe makabidhiano pamoja na tarehe yake, kama zifanyavyo afisi zetu zote meneja abadilishwapo. Ufuatiliaji wa ukabidhiwa ni huo, wala hauna siri nyingine.

Orodha ile yasemekana itapigwa chapa tena, na hapana shaka wajumbe watasema kwamba masahihisho ni ya kamati nzima. Mimi naomba waandike jina la mjumbe mmoja aliyekabidhiwa sahihisho hili, ili likiachwa tena tujue wa kumwuliza.