Roger Heim

Roger Heim (Paris, 12 Februari 1900 – Paris, 17 Septemba 1979) alikuwa mtaalamu wa kuvu kutoka nchi ya Ufaransa. Ndiye aliyeanzisha jenasi Termitomyces mwaka 1942, yaani kundi la uyoga unaoota kwenye vichuguu vya mchwa, ambao ni kati ya uyoga wa porini unaopendwa zaidi Afrika Mashariki.

Maisha

Heim alisoma kwanza uhandisi katika École centrale ya Paris, kisha akageukia elimu ya viumbe. Mwaka 1931 alitoa kazi yake kubwa kuhusu jenasi Inocybe. Mwaka 1936 alianzisha jarida la Revue de Mycologie.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishiriki katika upinzani dhidi ya Wajerumani walioikalia Ufaransa. Alikamatwa mwaka 1943 na kupelekwa kambi ya mateso ya Buchenwald, halafu Mauthausen na Gusen. Kazi yake juu ya uyoga wa vichuguu ilikuwa imeshatoka; mwandishi wake alikuwa akivunjwa mwili kambini. Aliokoka mwaka 1945, na miaka miwili baadaye akachapisha kumbukumbu za kambi hizo, La Sombre Route.

Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Aliongoza Makumbusho ya Kitaifa ya Historia Asilia mjini Paris kuanzia 1951 hadi 1965, na alikuwa rais wa umoja wa kimataifa wa uhifadhi (IUCN) kuanzia 1954 hadi 1958.

Uyoga wa vichuguu

Kabla ya Heim, uyoga huu ulitawanyika katika vitabu vya wataalamu chini ya majina mengi. Sababu yake ni rahisi. Wataalamu wa Ulaya walipokea vielelezo vilivyokaushwa. Mmoja wao alikuwa Narcisse Patouillard (1854–1926), mfamasia Mfaransa na mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Mikolojia cha Ufaransa. Patouillard alieleza vizuri kofia, matamvua na spora, lakini uyoga wa kichuguu aliuweka katika jenasi Lepiota pamoja na uyoga usiohusiana na mchwa hata kidogo.

Heim alisafiri mwenyewe hadi Madagaska na nchi za Afrika ya kitropiki, akachunguza uyoga pamoja na kichuguu chake. Shina la spishi nyingi huendelea chini kama mzizi mrefu hadi kwenye sega la mchwa. Kwa msingi huo alikusanya spishi hizo katika jenasi moja. Mbili kati ya zile za Patouillard leo huitwa Termitomyces schimperi na Termitomyces letestui.

Mchwa wa aina hii hawawezi kumeng'enya miti na majani makavu peke yao. Huyatafuna, kisha hujenga sega kwa kinyesi chao, na kuvu huota juu yake. Kuvu hulainisha sehemu ngumu za mmea, na mchwa hula vinundu vyeupe vya kuvu pamoja na sega lililokomaa. Kwa hiyo mchwa ni wakulima, na uyoga unaochomoza wakati wa mvua ni sehemu ya shamba lao iliyotoka nje kueneza spora. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ushirika huu ulianza mara moja tu, barani Afrika.

Tanzania

Katika nchi ya juu ya Kibiti na Rufiji vichuguu ni jambo la kawaida. Ukishuka kwenye delta yenyewe, penye mikoko na udongo unaofunikwa na maji ya chumvi, mchwa hawa hawana mahali pa kujenga, na uyoga wao haupo. Mpaka kati ya nchi hizo mbili ni pia mpaka wa chakula hiki.

Spishi ndogo kuliko zote, Termitomyces microcarpus, haina mzizi mrefu. Huota kwa mamia juu ya vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje. Kubwa kuliko zote, Termitomyces titanicus, ilielezwa kutoka Zambia mwaka 1980. Kofia yake inaweza kufikia upana wa karibu mita moja. Spishi nyingine ilipewa jina la Singida, Termitomyces singidensis, mwaka 1994. Kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Mtanzania Leonard Mwasumbi kuhusu uyoga wa Tanzania kilitoka mwaka 2003. Tofauti na uyoga wa mamama, uyoga wa vichuguu haujaweza kulimwa kibiashara. Anayeutaka bado anamtegemea mchwa.

Hatari ipo katika kufananisha. Chlorophyllum molybdites ni uyoga mkubwa mweupe unaosababisha kutapika na kuharisha vikali, na huchanganywa na ule wa vichuguu. Matamvua yake hugeuka kijani ukikomaa, ilhali spora za Termitomyces zina rangi ya waridi hafifu. Uyoga mchanga bado haujaonyesha rangi hiyo, ndiyo maana wachumaji wazoefu huuchimbua badala ya kuukata. Hata hivyo dalili moja haitoshi, na spishi zenye sumu kali za jenasi Amanita nazo zina shina refu jeupe.

Kazi nyingine

Heim alichunguza pia uyoga wa Mexico unaotumiwa katika ibada, pamoja na Mmarekani R. Gordon Wasson; kitabu chao kilitoka mwaka 1958. Uyoga aliouotesha Heim katika maabara ya Paris ndio uliomwezesha Albert Hofmann wa Uswisi kutenga kemikali ya psilosibini mwaka huohuo. Kitabu chake cha mwisho juu ya mchwa na kuvu, Termites et champignons, kilichapishwa mwaka 1977.