Mapaa Matano ya Bhaktapur

Mimi ni mtoto wa seremala. Nikitazama jengo, naanza na viungo vyake. Hekalu la Nyatapola, mjini Bhaktapur, Nepal, lilijengwa na Mfalme Bhupatindra Malla mwaka 1702: mapaa matano yaliyopandana, kimo cha mita 30 hivi, juu ya jukwaa la ngazi tano.

Pembeni mwa vipandio wamekaa walinzi wa mawe, wawili wawili. Chini kabisa ni wanamieleka wenye masharubu, magoti chini, kisha tembo, kisha simba. Wenyeji husema kila jozi ina nguvu mara kumi ya ile iliyo chini yake. Ndani yumo mungu wa kike Siddhi Lakshmi, na makuhani pekee ndio humwona.

Lakini mimi macho yangu yako chini ya mapaa. Mafundi wa Kinewari, wenyeji wa hapo, walijenga kuta kwa matofali na udongo, na udongo adui yake ni mvua. Ndiyo maana mapaa yametokeza mbali, yakishikiliwa na mihimili ya mshazari iliyochongwa sanamu za miungu. Urembo huo wote umebeba mzigo! Mbao zimeunganishwa kwa kuchomekana na vigingi, hivyo ardhi ikitikisika, jengo hucheza.

Tetemeko la 1934 liliharibu sehemu ya juu. Lile la 2015 lililiacha limesimama, ilhali hekalu la mawe la Vatsala, katika uwanja wa jirani, liliporomoka lote. Nalo limeshajengwa upya.