Barua Ilitoka Nakuru, Ikapitia Marekani, Ikarudi Nakuru

Wasee wa Nax, leo tuache kulia kuhusu bundle kidogo, tuongee historia. Kuna watu wanadhani intaneti ililetwa Kenya na kebo za baharini. Mimi nasema hapana. Kebo zilileta kasi. Mtandao wenyewe ulijengwa na mafundi waliojua jinsi mashine zinavyoongea, na bila hao kebo ni waya tu.

Rudi mwaka wa 1999. Chukua watu wawili hapa mjini. Mmoja yuko saiba Kenyatta Avenue, mwingine yuko upande wa Section 58. Kila mmoja ana kampuni yake ya intaneti. Wa kwanza anamtumia wa pili email. Unadhani inapita wapi?

Inaenda Nairobi, inapanda hadi setelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, inashuka Marekani au Ulaya. Huko ng'ambo ndiko kampuni hizo mbili zinakutana. Kisha inapanda tena na kushuka Kenya. Piga hesabu: karibu kilomita 144,000, zaidi ya kuzunguka dunia mara tatu, ili barua ifike mahali ungeenda kwa miguu. Na safari yote hiyo inalipiwa kwa dola.

Kwani hatukuwa na mitambo? Tulikuwa nayo, tena kwa majirani. Kituo cha setelaiti cha Longonot, hapo upande wa Naivasha, kilifunguliwa 1970, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa na kitu kama hicho. Simu za ng'ambo zikawa zinapitia dishi lililosimama ndani ya Bonde la Ufa. Mafundi pia walikuwepo. Wengi walisomea Mbagathi, kwenye chuo cha posta na simu ambacho leo ni Multimedia University.

Lakini walichosomea enzi hizo ni simu, na simu ina tabia yake. Ukipiga, unatengewa njia mpaka ukate. Intaneti haiko hivyo. Ujumbe unakatwa vipande vidogo, ndizo pakiti, na kila pakiti inasukumwa kutoka rauta moja hadi nyingine mpaka ifike. Kanuni zinazoongoza mazungumzo hayo ya mashine ndizo zinaitwa itifaki. Zile za msingi, TCP/IP, zilianza kutumika rasmi kwenye mtandao wa ARPANET kule Marekani tarehe 1 Januari 1983.

Itifaki inayotuhusu leo inaitwa BGP. Mwaka wa 1989 wahandisi wawili, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM, waliichora mezani kwenye karatasi za kupangusia mikono. Sio mchezo, mpaka sasa ndiyo inashikilia intaneti ya dunia nzima. Kazi yake ni kama ya makanga wa stage: kila kampuni inawaambia majirani, "Anwani hizi ziko kwangu, na hizi naweza kuzifikisha." Rauta inasikiliza, inachagua njia.

Sasa ona kilichokuwa kinatuumiza. Kampuni zetu zilikuwa zinaongea na majirani wa ng'ambo, lakini zenyewe kwa zenyewe hazikuwa zinaongea. Dawa haikuwa kununua setelaiti nyingine. Ilikuwa ni kuleta rauta zenu kwenye chumba kimoja, kuzichomeka kwenye swichi moja, na kukubaliana kubadilishana pakiti za hapa nyumbani.

Brian Longwe na wenzake wa TESPOK, chama cha kampuni za intaneti, walifanya hivyo Novemba 2000. Kituo wakakiita KIXP. Hakikukaa. Telkom Kenya, iliyotoka kwenye KPTC iliyogawanywa 1999, ilikuwa na haki za kipekee na ikalalamika kwamba kituo kinaingilia biashara yake. Tume ya mawasiliano, CCK, ikasema hakina leseni. Kufikia Desemba kilikuwa kimezimwa.

Maoni yangu ni haya: pesa ilikuwa ndani, sawa, lakini pia watu walikuwa wanaangalia swichi kwa macho ya simu. Kwa mtu wa simu, mahali mawasiliano yanapokutana ni eksichenji, na eksichenji ni ya shirika. Ilibidi wanaojua itifaki wakae chini na kueleza, tena na tena, kwamba hapa hakuna anayeuziwa simu. Leseni ikatoka mwishoni mwa 2001, na Februari 2002 KIXP ikawaka tena.

Matokeo? Kupitia setelaiti, pakiti ilikuwa inachukua kati ya milisekunde 1,200 na 2,000. Kupitia KIXP ikashuka hadi 60 au 80. Hii ni miaka saba kabla kebo ya SEACOM kuwashwa Julai 2009. Hakuna bahari iliyochimbwa. Watu walijua cha kufanya, basi.

Na ujuzi huo ulifundishwa kwa makusudi. Mwaka wa 2000 AfNOG ilianza kuwakusanya mafundi wa Afrika na kuwafunza kwa vitendo jinsi ya kupanga njia za pakiti na kuendesha seva. Mwaka wa 2006 warsha ilikuja Nairobi. KENET, mtandao wa vyuo vyetu ulioanzishwa 1999, nao umefundisha mafundi wa vyuo. Kufikia 2020, Internet Society ilisema karibu asilimia 70 ya data ya Kenya inapatikana humu humu nchini, kutoka asilimia 30 mwaka wa 2012.

Bado kuna kazi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na Kenya nzima ikaanza kujikokota. Na hapa kwetu? Nakuru ni jiji tangu 1 Desemba 2021, lakini KIXP iko Nairobi na Mombasa. Ukimtumia jirani faili na mko kampuni tofauti, mara nyingi pakiti bado zinaenda kulala Nairobi ndio zirudi. Hatuendi tena Marekani, lakini hata nyumbani hatujafika.

Kila siku naona vijana Pipeline na Free Area wamepanda milingoti kuvuta faiba. Kazi nzuri, heshima kwao. Lakini mwenye mlingoti analipwa kwa siku, na anayejua kwa nini pakiti imepotea ndiye anayepigiwa simu saa nane usiku, na bei anataja yeye. Kupanga anwani, kusoma jedwali la njia, kuweka njia ya pili kabla ya kwanza kukatika: hayo hayaji na mkebe wa faiba. Yanasomwa.

Anza leo. Fungua laptop, andika tracert kisha jina la tovuti yoyote ya Kenya, uone pakiti yako inapitia wapi. Ukiona imeenda ng'ambo, jiulize ni nani hapa kwetu angeirudisha. Sioni kwa nini asiwe wewe.