Kwa Nini Hakusema Mapema?

Kila ninapofundisha kesi ya Mechelle Vinson, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: kwa nini mwanamke huyu alikaa kimya miaka yote ile?

Vinson aliajiriwa na benki moja jijini Washington mwaka 1974. Alidai kwamba msimamizi wake alimshurutisha kufanya naye ngono, na kwamba hakumshtaki kazini kwa kumwogopa. Isitoshe, utaratibu wa benki ulimtaka mfanyakazi apeleke malalamiko kwanza kwa msimamizi, yaani kwa mtu yuleyule anayelalamikiwa. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Alifungua shauri mwaka 1978, akashindwa: mahakama ya kwanza ilisema kwamba uhusiano huo, kama ulikuwapo, ulikuwa wa hiari. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba cha kuuliza si iwapo alikubali, bali iwapo alitaka. Mtu hukubali mengi asiyoyataka anapoogopa kupoteza ajira.

Basi sisi tunaotunga kanuni za vyuo na ofisi, kabla ya kumuuliza mwanamke kwa nini alinyamaza, tujiulize: tulitaka amwambie nani?