Namikonga, Kaleso na 46106/27: Majina ya Muhogo wa Amani katika Historia ya Jenetiki ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Mkulima hupanda muhogo kwa pingili. Kila pingili hubeba jenomu ile ile ya shina ilikokatwa, hata ikivuka mito na mipaka. Kwa sababu hiyo, aina moja ya muhogo inaweza kudumu kwa miongo mingi bila kubadilika, ilhali jina lake linabadilika kila inapohamia. Makala haya yanafuatilia aina moja yenye majina matatu: 46106/27 katika madaftari ya watafiti, Namikonga nchini Tanzania, na Kaleso katika pwani ya Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba majina ya wakulima ni sehemu ya kumbukumbu za sayansi, na kwamba sera za mbegu zinazoyaacha nje hupoteza taarifa ambayo haipatikani kwingine.

Amani na kuzaliwa kwa namba

Ugonjwa wa batobato ya muhogo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutokana na mimea iliyoonekana Usambara. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, katika milima hiyo hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo hicho kikawa chini ya Waingereza. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea kituoni hapo, alieleza ugonjwa wa pili, ambao kwa Kiswahili cha leo huitwa michirizi ya kahawia. Mwaka uliofuata kazi ya kuzalisha aina kinzani ilianza.

Jina la ugonjwa huo linastahili kuangaliwa kwa makini. Limefuata jina la Kiingereza, nalo latokana na alama zinazoonekana kwenye shina changa. Hata hivyo, hasara kubwa hutokea ardhini: nyama ya muhogo huoza na kukauka huku majani yakionekana na afya. Anayesikia neno “michirizi” hutazama shina. Anayeng’oa muhogo ndiye anayeujua ugonjwa wenyewe.

Kwa kuwa ukinzani uliopatikana ndani ya muhogo haukutosha, R. F. W. Nichols alitafuta jamaa zake wa mbali. Mmojawapo alikuwa Manihot glaziovii, mti wa mpira wenye asili ya Brazili ambao Wajerumani walikuwa wameupanda katika mashamba yao makubwa. Waswahili wanaufahamu kwa njia nyingine, kwani majani yake huliwa kama kisamvu cha mpira. Mahuluti ya kwanza yalirithi mizizi isiyofaa kwa chakula. Ikabidi yazalishwe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi. Kila hatua ilipunguza kwa nusu mchango wa mti wa mpira: kwa wastani wa hesabu, kutoka asilimia 50 hadi 25, kisha 12.5, kisha 6.25. Namba 46106/27 ilitokana na hatua hiyo ya tatu. D. L. Jennings aliendeleza kazi ya Nichols hadi mpango ulipofungwa mwaka 1957.

Safari mbili

Kizazi cha Amani kilisafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kitaasisi. Mbegu zilipelekwa Nigeria, ambako uzao wake uliopewa namba 58308 ulitumiwa na watafiti wa Ibadan katika miaka ya 1970. Mmoja wa wajukuu wa Amani, TMS 30572, alirejea Afrika Mashariki wakati Uganda ilipokuwa ikipambana na batobato kali iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kuwa kirusi kilichohusika kilikuwa na jenomu iliyochanganya vipande vya virusi wa aina mbili. Nchini Uganda, TMS 30572 iliitwa Nase 3, na pia Migyera.

Njia ya pili haikuwa na barua wala jedwali. Pingili za 46106/27 zilitoka mkono kwa mkono, zikabaki mashambani chini ya majina Namikonga na Kaleso. Namba ilieleza ukoo wa mmea, lakini haikueleza ulipo. Jina lilionyesha ulipo, lakini halikueleza ukoo. Michirizi ya kahawia, iliyokuwa ikihusishwa zaidi na nyanda za pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa, ilipoibuka upya Uganda kuanzia mwaka 2004, wazalishaji wa mbegu walihitaji taarifa zote mbili kwa pamoja.

Ushahidi wa jenomu

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vipimo vya alama za DNA viliunganisha Namikonga na Kaleso kuwa aina moja. Mwaka 2016 uchambuzi mpana wa jenomu ya muhogo, wenye jozi 18 za kromosomu, ulibainisha vipande vya mti wa mpira ndani ya aina zinazolimwa leo. Mwaka 2017 uchunguzi wa uzao wa Namikonga na aina iitwayo Albert ulionyesha kuwa baadhi ya maeneo ya ukinzani yanakutana na vipande hivyo, na mengine hayakutani navyo. Kwa hiyo mti wa mpira unaeleza sehemu tu ya ukinzani huo.

Hitimisho

Maabara ilithibitisha undugu wa Namikonga na Kaleso; haikuuhifadhi mmea. Uhifadhi ulifanywa na wakulima waliouchagua, wakaupanda tena na kuuita kwa jina. Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, rejista za mbegu za nchi za Afrika Mashariki ziandike majina ya mahali pamoja na namba za utafiti, kwa kutaja lugha na eneo la kila jina. Pili, istilahi za magonjwa zipimwe pamoja na wakulima kabla ya kusanifiwa, ili neno limwelekeze msikilizaji mahali hasara ilipo. Jenomu huweza kusomwa upya wakati wowote mmea ungalipo; jina likipotea pamoja na wazee waliolijua, hakuna kipimo cha maabara kitakachoweza kulirudisha.