Meya wa Kuchekesha na Siri ya Naibu Wake

Katika kila ofisi kubwa kuna mkubwa, na kuna yule anayemfanya mkubwa aonekane mkubwa. Wa kwanza hukata utepe na kupigwa picha. Wa pili ndiye aliyeandika hotuba, aliyewaita waandishi wa habari, aliyemnong'oneza mzee jina la mwenyeji wake, na ambaye mambo yakiharibika hulala ofisini akitafuta maneno ya kesho asubuhi. Vitabu vya historia humtaja wa kwanza. Juma hili nataka tumtazame huyu wa pili, kupitia mchezo mmoja wa kuchekesha wa televisheni ya Marekani, kwa sababu yaliyotokea nyuma ya mchezo ule ni makubwa kuliko yaliyooneshwa ndani yake.

Mchezo wenyewe uliitwa "Spin City". Shirika la televisheni la ABC lilianza kuuonesha Septemba 17, 1996, na ulikoma Aprili 30, 2002, baada ya vipindi 145. Neno la kwanza la jina hilo maana yake ni kuzungusha, kama mtoto anavyozungusha pia. Katika siasa za wenzetu limekuwa na maana nyingine: kuizungusha habari mbaya mpaka mwananchi aione upande wake mzuri tu. Basi huo ulikuwa mji wa kuzungusha, na mji wenyewe ni New York.

Walioutunga ni wawili. Mmoja ni Gary David Goldberg, mzaliwa wa Brooklyn, mzoefu wa kazi hiyo, na wa pili ni Bill Lawrence, kijana aliyekuwa hajafikisha hata miaka 30. Barry Bostwick aliigiza Meya Randall Winston: mrefu, mtanashati, nywele zimelala vizuri, na kichwani mwepesi. Michael J. Fox, mfupi wa kimo na mwepesi wa ulimi, aliigiza Naibu Meya Mike Flaherty. Kumzunguka Mike kulikuwa na msemaji, mhasibu, mwandishi wa hotuba na wengine, wote wakikimbizana kwenye korido kuzima moto ambao bosi wao ameuwasha kwa kinywa chake.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana msikilizaji wa Dar es Salaam anaweza kupotea. Kwetu Tanzania Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na naibu wake vilevile, huku shughuli za kila siku zikiwa mikononi mwa mkurugenzi anayeteuliwa. New York sivyo. Kule Meya hupigiwa kura na mji mzima, naye ndiye mtendaji. Naibu hapigiwi kura na mtu yeyote. Ni mteule wa Meya, na Meya anaweza kuwa nao kadhaa. Nguvu yote ya naibu inatokana na kuaminiwa na mtu mmoja.

Tena wakati mchezo unaanza, nguvu za Meya zilikuwa zimeongezeka karibuni tu. Kwa miaka mingi bajeti na mikataba mikubwa ya New York iliamuliwa na bodi ambamo Meya alikaa pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wakuu wa mitaa mitano ya mji. Brooklyn, yenye watu zaidi ya milioni 2, ilikuwa na kura moja. Staten Island, isiyofikisha watu laki nne, nayo kura moja. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema huo si usawa, na mwezi Novemba mwaka huohuo wananchi wakapiga kura kuivunja bodi ile. Sehemu kubwa ya madaraka ikahamia kwa Meya. Palipo na madaraka hayo pana watu wa kuyapamba, na hiyo ndiyo ofisi waliyoiona watunzi wetu.

Meya wa kweli wakati huo alikuwa Rudolph Giuliani, aliyeingia madarakani Januari 1994. Huyu hakufanana hata kidogo na Winston wa mchezoni. Alikuwa mwanasheria mkali, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa kuwaandama majambazi wa Mafia. Lakini katika suala la nani apewe sifa, ofisi yake ilikuwa kichekesho kisichohitaji mtunzi. Januari 1996 gazeti la "Time" lilitoa picha ya mkuu wa polisi wa mji, William Bratton, kwenye jalada, likimhusisha na kupungua kwa uhalifu. Mwezi Machi Bratton akatangaza kuacha kazi. Wengi walisema jalada moja halikuwatosha watu wawili. Mwaka uliofuata gazeti jingine, "New York", liliweka tangazo kwenye mabasi likitania kwamba huenda lenyewe ndilo kitu pekee kizuri mjini ambacho Meya bado hajajipa sifa kwacho. Ofisi ya Meya ikalalamika, matangazo yakaondolewa, gazeti likaenda mahakamani, na likashinda. Sasa watu wote ambao hawakuwa wameliona tangazo lile wakawa wamelisikia.

Hayo mimi nayaona ni darasa zuri zaidi la kuzungusha habari kuliko vipindi vingi vya mchezo. Na tusimwonee Giuliani peke yake. Mwaka 1945 magazeti yalipokosekana mjini kwa sababu wasambazaji wake walikuwa wamegoma, Meya Fiorello La Guardia alikwenda redioni akawasomea watoto hadithi za katuni, sauti akiibadilisha kwa kila mhusika. Mpaka leo anakumbukwa kwa hilo kuliko kwa sheria yoyote aliyopitisha. Sisi watu wa redio hatuwezi kumlaumu.

Turudi mchezoni. Kipindi cha kwanza kabisa kinaonesha namna mtambo ule ulivyofanya kazi. Meya anaulizwa na waandishi kama atashiriki maandamano ya wapenzi wa jinsia moja, naye anaropoka jibu la dharau. Ghasia zinazuka. Mike anafanya nini? Haombi radhi. Anamwendea Carter Heywood, mwanaharakati mweusi wa kundi hilo ambaye ndiye anayemshambulia Meya kwa sauti kubwa, anamwajiri. Mpinzani anakuwa ofisa. Mtindo huo tunaujua hata sisi, na si kwa kuuona kwenye televisheni. Ila watunzi walimtendea haki Carter: hawakumfanya wa kuchekwa. Mara nyingi yeye ndiye mwenye akili timamu chumbani, na urafiki wake na Stuart, aliyeigizwa na Alan Ruck, mtu mchafu wa mdomo asiyeheshimu lolote, ni moja ya mambo mazuri ya mchezo huo.

Basi ndiyo ofisi hiyo, ndugu wasikilizaji: watu werevu wakilipwa kuhakikisha wananchi hawaoni kilichopo. Na mwigizaji mkuu, mchana kutwa akijifanya mtu wa kuficha mambo ya mwingine, alikuwa na la kwake alilokuwa akilificha.

Michael J. Fox alizaliwa Kanada mwaka 1961. Marekani ilimpenda kupitia mchezo wa "Family Ties", kazi ya huyohuyo Goldberg, ulioanza mwaka 1982, na mwaka 1985 filamu ya "Back to the Future" ikamfanya ajulikane dunia nzima. Mwaka 1990, akiwa Florida akipiga filamu nyingine, aliamka asubuhi akakuta kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinatikisika chenyewe. Mwaka 1991 madaktari wakamwambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo ambao humfanya mtu atetemeke, akakamae na kupungukiwa na uwezo wa kuamrisha viungo vyake. Kwa kawaida huwapata wazee. Yeye alikuwa na miaka 30.

Akanyamaza miaka saba. Alimeza vidonge kwa hesabu ili nguvu ya dawa ifike kileleni wakati kamera zinawaka. Mkono wa kushoto aliupa kitu cha kushika, au akauficha mfukoni. Mchezo ulirekodiwa mbele ya watazamaji walioketi ukumbini, na siku nyingine dawa ilichelewa kushika, wao wakangoja, bila kujua wanangoja nini. Fikiria hali hiyo: mtu yumo chumbani pake, mwili unakataa, na nje kuna mamia ya watu waliokuja kucheka. Machi 1998 alifanyiwa upasuaji wa ubongo kupunguza mtetemo. Novemba mwaka huo akatangaza.

Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na najua wapo wanaoona methali hiyo imemaliza mjadala. Mimi nadhani mambo ni mazito zaidi. Afrika Mashariki tuliona ujasiri huo mapema: mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda alisimama mwaka 1989 akasema ana UKIMWI, wakati ambapo hata jirani wa mgonjwa aliogopa kulitamka neno hilo, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Lutaaya alijua mlango unafungwa. Fox alikuwa na miaka mingi mbele yake, na katika kazi yake anayejulikana kuwa mgonjwa haitwi tena. Hakuwa amemwibia mtu yeyote kitu. Siri ya mwigizaji ni mali yake.

Siri ya kiongozi je? Wamarekani wana historia ndefu ya kuificha. Mwaka 1893 Rais Grover Cleveland alifanyiwa upasuaji wa uvimbe mdomoni kwa siri, ndani ya boti ya kifahari, na wasaidizi wake wakasema ni meno tu. Franklin Roosevelt hakuweza kutembea bila msaada tangu mwaka 1921, na wapiga picha wakaelewana kutompiga picha akibebwa. Kina Mike Flaherty wamekuwapo siku zote.

Kilichonivutia ni kwamba Fox, alipokwisha kusema, aliikataa kazi ya kuzungusha kabisa. Septemba 1999 aliitwa kwenye kamati ya Baraza la Seneti kuomba fedha za utafiti wa Parkinson. Kwa makusudi hakumeza dawa siku hiyo. Alitaka maseneta wauone ugonjwa wenyewe, si mtu aliyepambwa kwa vidonge. Ofisa uhusiano yeyote angemkataza.

Mwaka 2000 mambo yakaja kwa pamoja kwa namna ambayo mtunzi angeogopa kuiandika. Januari, mchezo mwingine wa televisheni, "The West Wing", ulifichua kwamba rais wake wa kubuni ana ugonjwa wa neva aliouficha kwa wapiga kura. Aliyeuongoza mchezo huo tangu mwanzo, Thomas Schlamme, ndiye aliyekuwa ameongoza kipindi cha kwanza cha "Spin City". Aprili 27 Meya Giuliani, wakati huo akigombea useneta dhidi ya Hillary Clinton, aliwaita waandishi akawaambia ana saratani ya tezi dume, ugonjwa uliomuua baba yake. Mei 10 akawaambia waandishi haohao kwamba anaachana na mkewe. Mei 19 akajitoa kwenye kinyang'anyiro. Siku tano baadaye, Mei 24, Wamarekani wakamwona Mike Flaherty akiaga: Meya amegundulika kuwa na uhusiano na watu wa Mafia bila mwenyewe kujua, na naibu anaubeba mzigo wa kashfa hiyo peke yake, anajiuzulu, anahamia Washington.

Mchezo uliendelea bila yeye. Utengenezaji ulihamishiwa Los Angeles, waigizaji watatu wa zamani wakaachwa, na Charlie Sheen akaletwa kuwa naibu mpya. Sheen alipata tuzo, sikatai, lakini kwa maoni yangu ofisi ile ilikuwa imebaki na fanicha tu. Fox naye alipewa tuzo ya Emmy kwa nafasi ya Mike mwezi Septemba 2000, akiwa ameshaondoka. Mwaka huohuo alianzisha mfuko wa utafiti wa Parkinson unaoitwa kwa jina lake, ambao hadi sasa umetoa zaidi ya dola bilioni 2, na Januari 2025 alitunukiwa na Rais Biden nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani.

Karibuni nimevirudia vile vipindi vya miaka miwili ya mwanzo, vya kabla hajatangaza. Meya bado anachekesha. Lakini nimejikuta simtazami Meya. Namtazama Mike anapoingia mbio na makaratasi yake, akiropokwa na watu watano kwa mpigo, na macho yangu yanaushukia mkono wa kushoto, kuona safari hii umepewa kitu gani cha kushika.